Neno "service": mwanafunzi wangu Mkorea aliliomba gengeni, akaelekezwa gereji

Mwalimu wa Jioni

Wakuu, habari za jioni.

Riziki yangu mimi ni tuisheni ya Kiingereza hapa Dar. Miaka ya karibuni nimepata wanafunzi kadhaa Wakorea, watu wazima waliokuja na miradi ya ujenzi, na wengine ni wake zao. Watu wa kujituma hasa. Daftari safi, kalamu rangi nne, na hajatokea hata mmoja akaniambia kasahau kazi ya nyumbani. Maneno wasiyoyajua hayanipi shida, ukiwapa leo kesho wanayo. Yanayonitoa jasho ni yale ya Kiingereza waliyokuja nayo kutoka kwao.

Jumamosi tumemaliza kipindi, mmoja wao, injinia, umri wa baba mdogo wangu, akaniomba nimsindikize gengeni. Kanunua nyanya mafungu matatu na machungwa kumi, kalipa bei aliyotajiwa bila kuomba apunguziwe hata mia. Kisha akatabasamu, akainamisha kichwa kidogo, akaonyesha kidole kwenye pilipili hoho na kumwambia mama wa genge kwa adabu zote: "Mama, service?"

Mama akamtazama yeye, akanitazama mimi, akanyoosha mkono kuelekea barabara kubwa. "Sevisi? Gereji ile pale, ukishapita kijiwe cha bodaboda. Wahi lakini, Jumamosi wanafunga mapema."

Injinia wa watu akaanza kutafuta kijiwe cha bodaboda ili apewe pilipili hoho.

Nilicheka mpaka nikaegemea meza ya mama. Halafu nikamwambia mama huyu bwana anaomba nyongeza. "Si angesema!" Akamtupia hoho mbili na kitunguu juu.

Sasa Korea "service" ni nini? Wao wanatamka kama "sobisu", s ya kwanza wanaikaza, na ile u ya mwisho wanaitoa midomo ikiwa imetandazwa kama mtu anayetabasamu. Kwa nini b? Kikorea hakina v. Hakina f wala z pia, ndiyo maana "coffee" ya Kiingereza kwao ni "kopi" na piza ni "pija". Maana yake ya kila siku dukani na mgahawani ni kitu anachokupa mwenye duka bure, juu ya ulichonunua. Yaani ni nyongeza yetu kabisa. Wajapani nao wana "sabisu" yenye maana hiyohiyo. Korea ilitawaliwa na Japani kuanzia 1910 hadi 1945, na maneno mengi ya Kizungu yalifika Korea yakiwa yameshalala usiku mmoja Japani. Injinia wangu hakukosea neno, alikuwa anasema Kikorea bila kujijua.

Kipindi kilichofuata niliacha kitabu, nikachora njia ya hilo neno ubaoni. Nawamegea kidogo, maana mimi mwenyewe nilijifunza jambo.

Mwanzo kabisa ni Kilatini cha Warumi: "servus", mtumwa. Hali ya kuwa mtumwa ikaitwa "servitium". Roma ikaanguka, Kilatini kikageuka polepole kuwa lugha nyingine, mojawapo Kifaransa, na neno likawa "service". Mwaka 1066 Wanormani wakavuka bahari wakaiteka Uingereza, wakaja na Kifaransa chao ikuluni, mahakamani na kanisani. Kiingereza kikalichukua, na kati ya maana zake za kwanza kabisa ni ile ya ibada ya kanisani. Baadaye ndiyo ukaja utumishi wa jeshini, wa serikalini, kuhudumia wageni mezani, kisha mashine kufanyiwa matengenezo. Hiyo ya mashine ndiyo iliyoshuka kwetu bandarini na magari: peleka gari sevisi, badilisha oili.

Kwa hiyo mtumwa wa Roma kazaa vitukuu wawili. Mmoja yuko Seoul anagawa vitu bure, mwingine yuko Dar chini ya gari anachafuka grisi.

Injinia akaniuliza swali moja zuri sana. "Mwalimu, inawezekanaje neno la utumwa likawa neno zuri la heshima?" Nikafungua mdomo nijibu, nikasita. Nikachukua chaki nikaandika Kiswahili, maana nacho anajifunza kidogo: tuma. Chini yake nikaandika mtumwa, yule aliyetumwa. Nikaandika mtumishi. Nikaandika utumishi, na kila mwenye ndugu serikalini anajua Utumishi ni wapi. Mwisho nikaandika mtume. Wote tumbo moja! Sisi tumetoka kwenye mtumwa hadi mtume wa Mungu kwa kubadilisha silabi ya mwisho, na miaka yote hii nilikuwa sijawahi kuyapanga mstari mmoja nikayatazama.

Yule bwana aliweka kalamu chini akapiga makofi. Wakorea wamezoea kujifunza maneno kwa mizizi. Maneno yao mengi yamejengwa kwa vipande vya Kichina, mfano "hak" ni kujifunza, basi shule ni "hakgyo", mwanafunzi "haksaeng", chuo kikuu "daehak". Ukimpa asili ya neno umempa msumari wa kulitundikia.

Najua humu kuna watu wako Korea, kuna wataalamu wa lugha, kuna wabishi. Karibuni. Mnayo maneno mengine ya namna hii?

Mpita Njia 77

Nimekaa siti ya mbele, uzi mtamu.

Kaka Mkali

Mwalimu umeandika vizuri ila unawadekeza. Service ni service. Wakorea wanakosea Kiingereza, wewe unalipwa kuwasahihisha, badala yake unawapa historia ya Warumi. Akienda kwenye mkutano na Mwingereza akasema hivyo utamchekea tena?

Mwalimu wa Jioni

@Kaka Mkali hoja yako naipokea, na ndiyo, namsahihisha. Akitaka kusema kwa Kiingereza kwamba kitu hiki ni bure anafundishwa "free", na mgahawani "on the house". Hilo tulilimaliza kwa dakika tano.

Lakini nikuulize: ukimwambia Mwingereza "pita kiplefti cha kwanza, kile cha pili unakunja", atakuelewa? Kile kibao cha barabarani cha "keep left" ndicho tulichokichukua, tukakiona kinaanza na ki-, tukakitia kwenye ngeli ya kiti na kisu, wingi viplefti, na maana tukaihamishia kwenye mzunguko wenyewe. Baiskeli nayo ina madigadi mawili, ukitoa moja linabaki digadi, wakati Mwingereza kwake "mud" ni tope na hakuna "ma" ya wingi hapo. Tumekosea Kiingereza? Hapana, tunasema Kiswahili. Mkorea naye hivyohivyo.

Mwanafunzi ukimwambia tu "umekosea" kesho anarudia, kwa sababu amelisema neno hilo tangu utotoni na halijawahi kumuangusha. Ukimwonyesha kwamba anayo maneno mawili yanayofanana sura, moja la kwao na moja la Waingereza, anayatenganisha mwenyewe.

Dada wa Ansan

Mmenikumbusha mbali, au niseme karibu, maana niko hukuhuku. Nipo Korea mwaka wa nne sasa, naishi Ansan, mji wenye viwanda na wageni wengi kuliko kawaida ya hapa.

Sobisu ndilo neno la kwanza lililonifanya niipende nchi hii, nisiwadanganye. Wiki ya pili tu nimeingia kwenye mgahawa wa chakula cha Kichina na wenzangu wa kazini, tukaagiza nyama ya nguruwe ile ya kukaanga yenye mchuzi mtamu. Mimi siili nikaagiza tambi. Mara mama akaleta sahani ya mandu za kukaanga, zile kama sambusa nyembamba. Nikasema kwa Kiingereza hatukuagiza, akatikisa mkono: "Sobisu, sobisu." Nikajua hapa nitalipishwa huduma, kama kwenye zile hoteli za nyumbani wanakoongeza asilimia chini ya risiti. Nilikula kwa hofu mpaka bili ilipokuja ile sahani haimo.

Mandu za kukaanga kwenye migahawa ya Kichina ni sobisu maarufu mpaka watu wanatania, ukiagiza nyama kubwa zisipokuja unajiona umedhulumiwa.

Kwingine utakakolisikia ni kwenye vyumba vya kuimbia, noraebang. Mnalipia saa moja. Saa inakaribia kuisha, mnaimba kwa haraka kama mnafukuzwa, ghafla kwenye skrini dakika zinaongezeka zenyewe, kumi, halafu kumi nyingine. Mwenye nyumba yuko kaunta kabonyeza tu. Hiyo nayo sobisu. Watu wanashangilia kuliko goli.

Angalizo moja. Madukani kuna kitu kinaandikwa 1+1, nunua kimoja chukua viwili. Hiyo watu hawaiiti sobisu, ni ofa ya kampuni, imechapwa kwenye karatasi na kila mtu anaipata. Sobisu inatoka mkononi mwa mtu, kakuangalia akaamua. Na huku bakhshishi kwa mhudumu hakuna desturi hiyo, ukiacha hela mezani wanaweza kukukimbilia mlangoni wakidhani umesahau. Kwa hiyo zawadi inatoka kwa muuzaji kwenda kwa mteja, siyo kinyume chake.

Jambo jingine, mgahawani ukutani utaona maandishi "maji ni selpu". Hiyo ni "self" ya Kiingereza. Wamekata "service" yote wakaitupa wakabaki na nusu. Yaani maji jihudumie, chupa ziko kwenye friji ile.

Fundi Gereji

Kwahiyo huko kuna neno moja la bure na bado mnalalamika. Huku mtu analeta gari sevisi anataka na bei iwe ya bure.

Mwalimu wa Jioni

😂 Fundi umeingia.

@Dada wa Ansan hiyo ya kukata neno ni ugonjwa mzuri wa Kikorea na Kijapani. Rimoti wao ni "rimokon", kiyoyozi "eokon", wamechukua kichwa cha neno la kwanza na kichwa cha la pili wakaunga. Sisi tunakata mkia tu tunasema rimoti.

Tena umenikumbusha. Injinia aliniletea barua pepe aliyotaka kumtumia mnunuzi mmoja hapa mjini, nimpitishie macho. Kaandika: "We give AS for one year." Nikakaa nayo. Nikamuuliza AS ni nini, naye akashangaa mwalimu wa Kiingereza sijui. Ni "after service", kwao ni neno la kila mtoto, simu ikiharibika unaipeleka kituo cha AS. Nikamwambia Waingereza wanasema "after-sales service", na herufi hizo mbili peke yake hakuna atakayezielewa. Aliumia kidogo. Kuambiwa neno lako la kila siku halipo huko unakodhani limetoka si jambo dogo.

Binti Makunduchi

Assalaam alaykum wanajamvi.

Mwalimu umesema ya tuma ukanifurahisha, lakini umepita mlangoni kwetu hukubisha hodi. Hilo neno huduma lenyewe unalijua lilikotoka? Kiarabu, mzizi wake kh-d-m, kutumikia. Ukenda Maskati leo mfanyakazi wa ndani wa kike wanamwita khadama. Kwetu Unguja tuna hadimu, maana yake mtumishi, mtumwa. Na sisi wenyeji wa huku kusini tumeitwa Wahadimu kwenye vitabu na kwenye makaratasi ya serikali za zamani, jina ambalo wazee wangu hawakulipenda hata siku moja. Bibi yangu ukimwita Mhadimu alikuwa anakujibu "hadimu wa nani?" Akiulizwa kwao wapi anasema Makunduchi, basi.

Sasa leo unaingia benki unaandikiwa "huduma kwa wateja" na msichana kakaa kwenye kiti kinachozunguka, hana habari kama lile neno lilopo juu ya kichwa chake na lile lililomkera bibi yangu ni ndugu.

Na hiyo "service" ya kanisani uliyoitaja, sie tunaita ibada, Waislamu na Wakristo sote. Ibada imetoka kwa 'abd, mtumwa. Abdallah ni mtumwa wa Mungu. Kwa hiyo Mrumi, Mwarabu na Mbantu wote wamekwenda kuchota kisima kimoja.

Mwalimu wa Jioni

Binti Makunduchi, hapa umenimaliza. Naichukua nzima naenda nayo darasani Jumamosi.

Mzee wa Sarufi

Nimefuatilia kimya. Naongeza mawili kwa faida ya anayefundisha.

La kwanza, ukoo wa "servus" ni mpana kuliko mlivyosema. "Sergeant" ya Kiingereza imetoka kwenye Kilatini "serviens", anayetumika, ikapitia Kifaransa. Maana yake sajini wetu wa polisi, huyo mnayemwogopa barabarani, ni binamu wa sevisi ya Fundi Gereji. "Dessert", kile kitamu cha mwisho wa mlo, kimetoka kwa Kifaransa "desservir", kuondoa vyombo mezani, kwa sababu kilikuja baada ya meza kusafishwa. Vilevile "deserve", kustahili, kwa kuwa umetumika vizuri.

La pili ni onyo. Mwanafunzi akishajua mizizi ataanza kuona ndugu kila mahali. Atakuja na "reserve", "observe", "conserve" aseme zote za mtumwa. Hapana. Hizo zimetoka kwenye kitenzi kingine, "servare", kutunza, kulinda. Sura zinafanana, lakini neno la mtumwa limekuja na "servire", kutumika. Mwalimu, mpe mwanafunzi wako jedwali la vitenzi viwili kabla hajajipotosha mwenyewe.

Kaka Mkali

Sajini ni mtumishi? Mbona akinisimamisha mimi ndiye ninayetumika.

Mwalimu wa Jioni

@Mzee wa Sarufi asante sana. Kwa kweli hilo la pili lilishanikuta. Mama mmoja kwenye kundi la asubuhi aliniandikia sentensi: "I reserve my husband every day." Nikadhani anamwekea mumewe nafasi mgahawani. Alikuwa na maana ya kumhudumia.

Mkenya Halisi

Niaje watu wa Dar. Hapa Nairobi hatujabaki nyuma, sisi kile kikaratasi cha kupangusa mdomo tunaita "serviette" mpaka kesho, na hiyo pia ni ya ukoo huohuo wa Kifaransa.

Lakini nimekuja na lingine. Nimewahi kufanya kazi na Wakorea, na kuna siku mmoja alikuwa ananisimulia jinsi mtihani wao wa kuingia chuo ulivyo mgumu, na jinsi wanavyowakagua watu wasifanye "koning". Nikauliza koning ni nini. "Cunning." Kwao hiyo ndiyo kuibia mtihani, kuangalizia, kuingia na karatasi ndani ya soksi. Wajapani nao wanasema "kanningu", kwa hiyo naona ilipita njia ileile Mwalimu amesema.

Nilicheka kwa sababu sisi tuko na letu. Kile kikaratasi cha kuibia mtihani, mwanafunzi yeyote wa Kenya anakiita mwakenya. Hiyo Mwakenya ilikuwa kundi la siri la kisiasa miaka ya 1980, wakati wa Moi, na lilikuwa linasambaza vikaratasi vya chinichini. Ukishikwa nacho umekwisha. Ukitazama, mwanafunzi aliyeshikwa na kikaratasi chumba cha mtihani hali yake ni hiyohiyo. Sasa nielezeni hiyo cunning asili yake nini.

Mzee wa Sarufi

"Cunning" ilianza kwa heshima kubwa. Kiingereza cha kale kilikuwa na kitenzi "cunnan", kujua. Ndiko ilikotoka "can", kuweza, kwani anayejua ndiye anayeweza. "Cunning" ilikuwa ujuzi, elimu, ustadi wa mikono. Fundi hodari alisifiwa kwa neno hilo. Pole kwa pole likaingia doa, likawa ujuzi wa kupita pembeni, hila.

Kiswahili kinalo jambo hilohilo kwenye mjanja. "Mtoto huyu mjanja" ni sifa. "Yule bwana mjanja mjanja" ni onyo.

Mkenya Halisi

Kwa hivyo neno la kujua limeishia kwa mtu asiyejua anayeangalizia. Sawa.

Dada wa Ansan

Mkenya umegusa penyewe. Naongeza machache niliyoyaokota huku.

Soketi ya umeme ukutani wanaita "konsentu". Niliambiwa naomba konsentu nikadhani ni fomu ya kusaini, maana "consent" ninayoijua mimi ni ridhaa. Kumbe chanzo ni "concentric plug", Wajapani wakakata mkia.

Stepla ni "hochikisu". Hotchkiss ilikuwa kampuni ya Kimarekani ya stepla, jina la chapa likabaki kuwa jina la kitu, kama sisi tunavyomwomba mtu biki hata kama kalamu yenyewe siyo ya Bic.

Kibarua cha muda cha mwanafunzi, kuuza dukani jioni, wanaita "arubaitu". Hilo si la Kiingereza hata kidogo, ni Kijerumani, "Arbeit", kazi. Nalo limepita Japani. Mkorea mmoja alinibishia kabisa kwamba ni Kiingereza. Nikamwambia sisi tuna shule na hela, zote za Mjerumani, na wapo watu nyumbani wanaodhani shule ni "school" iliyoharibika.

"Mitingi" ukiitwa na wanafunzi wa chuo usibebe daftari. Ni wavulana kadhaa na wasichana kadhaa wasiojuana wanakutana kutafuta wachumba. Mimi nilibeba daftari.

Mpita Njia 77

@Dada wa Ansan ukapata?

Dada wa Ansan

Nilipata sobisu ya viazi. 🙃

Kaka Mkali

Haya, nimekubali kidogo. Ila swali langu liko palepale. Haya maneno yao yatabaki huko kwao. Kiingereza chenyewe hakiyatambui. Ya nini kupoteza muda wa somo kuyachambua?

Mwalimu wa Jioni

@Kaka Mkali hapo ndipo utakaposhangaa. Septemba 2021 kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford iliingiza maneno 26 yenye asili ya Korea. Mengine ni ya chakula na nguo, kama bulgogi na hanbok. Lakini ndani yake wameingiza na "skinship", neno walilolitumia Wakorea na Wajapani kwa ule ukaribu wa kugusana, mama na mtoto, marafiki kushikana mikono. Wameingiza pia "fighting", ambayo Mkorea anaitumia kumtia mtu moyo. Unaenda kwenye usaili wa kazi, rafiki anakunja ngumi anakwambia "paiting!" Hakutakii ugomvi, anakwambia kaza.

Yaani neno limetoka Uingereza, limekwenda Asia Mashariki, limeolewa, limezaa, limerudi nyumbani na jina jipya na wazee wamelipokea.

Mwanafunzi wangu mwingine, kijana, kabla ya mtihani aliwahi kuniandikia ujumbe: "Teacher, fighting!" saa mbili usiku. Mke wangu ndiye aliyeuona kwanza. Nilieleza sana siku ile.

Binti Makunduchi

Hahaha. Hapo ulihitaji huo ubao na chaki.

Nakuuliza Mwalimu, ile "nyongeza" yetu huyo bwana umemfundisha? Maana kama anakaa Dar na ananunua gengeni, hilo ndilo litakalomfaa kuliko hata hilo la Kiingereza.

Mwalimu wa Jioni

Nimemfundisha, na tena alilipenda alipoona limetoka kwenye ongeza. Ameniambia Kikorea nacho kina neno lake la asili, "dom", kitu cha kuongezewa juu, lakini vijana wengi mdomoni wanasema sobisu.

Na leo nimepita gengeni mwenyewe, mama kanipa habari. Injinia karudi juzi peke yake. Kanunua fungu moja tu la bamia, kasimama wima kama anaapishwa, kasema: "Mama, naomba nyongeza." Mama anasema alilitamka polepole silabi moja moja mpaka akamwonea huruma. Kampa ndimu tatu. Sasa na mama naye keshaanza, mteja akiomba kuongezewa anamwambia, "Haya chukua, sobisu hiyo." Majirani wa genge wanadhani ni jina la ndimu.

Mzee wa Sarufi

Baada ya miaka hamsini mtu atafungua uzi humu kuuliza kwa nini ndimu Dar zinaitwa sobisu.

Fundi Gereji

Mwalimu, gereji anayoisema huyo mama baada ya kijiwe cha bodaboda ni yangu. Mwambie injinia alete gari, sevisi kamili, oili na filta. Kuosha injini nitampa sobisu.